Jinsi ya kuitambua na kuionja divai nyeupe ya Ujerumani iliyokomaa kwenye pipa

Watu wengi wakiambiwa divai nyeupe imekaa kwenye pipa huanza kuitafuta vanila puani. Wakiikosa, husema pipa halikufanya kitu. Kwa divai nyeupe za Ujerumani njia hiyo itakupotosha mara nyingi, kwa sababu pipa la jadi la nchi hiyo halikukusudiwa kunukia. Kazi yake huonekana kinywani: namna divai inavyojaa, inavyotulia na inavyochelewa kuondoka.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anakunywa divai na angependa kujua anakunywa nini, awe anaishi Mainz au Stuttgart, au ameletewa chupa kama zawadi Nairobi. Fuata hatua kwa mpangilio wake, maana hatua ya saba haitakusaidia kama ya kwanza hukuielewa.

1. Uliza kwanza ni pipa gani

Neno pipa peke yake halitoshi. Divai nyeupe ya Ujerumani hukomaa kwenye mapipa ya aina mbili, na asiyezitofautisha atatafuta kwenye glasi kitu ambacho hakuna aliyekiweka.

Aina ya kwanza ni mapipa makubwa ya siku nyingi. Kwenye bonde la mto Mosel pipa hilo huitwa Fuder, ujazo wake lita 1,000 hivi. Rheingau, kando ya mto Rhein, wana Stückfass la lita 1,200, na nusu yake, Halbstück, la lita 600. Stückfass moja ni chupa 1,600. Haya ni mapipa ya kurithiwa. Mkulima hulijaza pipa alilolijaza baba yake. Miaka michache ya mwanzo mbao za mwaloni hutoa ladha. Kisha ladha hiyo hupungua hadi ikaisha, na ukuta wa ndani hushika ganda la fuwele za asidi ya zabibu, ambazo Wajerumani huziita Weinstein. Aliyekunywa maji ya mtungi anaijua habari hii: mtungi mpya hutia maji harufu ya udongo, uliozoeleka huyapoza tu.

Kama halitoi ladha, basi linafanya nini? Mbao hupitisha hewa, kidogo mno, mwezi baada ya mwezi. Hewa hiyo huilainisha divai bila kuichosha. Wakati huohuo divai inalala juu ya mashapo ya chachu iliyoichachusha, na chachu hiyo ikifa hubomoka polepole na kuiachia divai vitu vinavyoipa unene na utelezi. Pia pipa kubwa hupoa na kupata joto taratibu, kwa hiyo uchachushaji hauendi mbio. Tangi la chuma kisichoshika kutu, likifungwa na kupozwa vizuri, hufanya kinyume: huzuia hewa na kuihifadhi harufu ya tunda ikiwa kali kama siku ilipoingia. Ni njia nzuri pia, lakini mwisho wake ni divai nyingine kabisa.

Aina ya pili ni pipa dogo, Barrique, la lita 225, yaani chupa 300 tu. Asili yake ni Ufaransa. Kadiri pipa linavyokuwa dogo ndivyo kila lita inavyogusa mbao nyingi zaidi, na kama mbao ni mpya, ladha yake huingia kwa nguvu. Fundi wa mapipa huanika mbao nje, zipigwe na mvua na jua kwa miaka miwili au mitatu ili ukakasi mkali uoshwe, halafu huunga pipa na kulichoma kwa ndani juu ya moto. Moto mdogo na moto mkubwa hutoa ladha tofauti. Wajerumani wanayo mialoni yao wenyewe, ya misitu ya Spessart na Pfälzerwald, ingawa mapipa ya Kifaransa yamejaa kwenye maghala yao pia.

Pipa dogo utalikuta zaidi kwenye zabibu za jamii ya Burgunder: Grauburgunder, Weissburgunder na Chardonnay. Mikoa ya kutazama ni Baden, hasa kilima cha Kaiserstuhl ambacho zamani kilikuwa volkano, kisha Pfalz, Rheinhessen na Nahe. Chardonnay iliruhusiwa rasmi Ujerumani mwaka 1991 tu. Riesling kwenye Barrique mpya ni nadra, na nafikiri wakulima wako sahihi kabisa kuikwepa: zabibu hii ina asidi kali na harufu zake nyembamba, na vanila huikalia juu bila kuchanganyika nayo.

Katikati ya aina hizi mbili kuna mapipa ya lita 500, na kuna Barrique zilizokwisha kutumika mara mbili au tatu ambazo hutoa ladha kidogo. Wakulima wengi wa leo huchanganya: sehemu ya divai hukaa kwenye chuma, sehemu kwenye pipa kuukuu, sehemu ndogo kwenye pipa jipya, kisha zote huunganishwa kabla ya kujazwa chupani.

Usidhani pipa ni mtindo mpya uliotoka nje. Kwa karne nyingi hakukuwa na chombo kingine. Katika ghala la Ratskeller mjini Bremen bado kuna pipa la divai ya Rüdesheim ya mwaka 1653. Matangi ya chuma yalienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mapipa mengi yakauzwa au yakaachwa yakauke, na kwa muda divai nyeupe ya Ujerumani ikajulikana duniani kwa wepesi na utamu. Wanaojaza Stückfass leo wanarudia kazi ambayo babu zao waliifahamu vyema.

2. Isome lebo, mbele na nyuma

Baadhi ya chupa zitakuambia waziwazi. Tafuta maneno haya: *im Barrique gereift*, yaani imekomaa kwenye Barrique, *im Holzfass gereift*, imekomaa kwenye pipa la mbao, *gegoren* badala ya *gereift* maana yake imechachuka humohumo. Ukiyakuta maneno hayo unaweza kuyaamini. Umoja wa Ulaya uliruhusu vipande vya mbao za mwaloni kutumbukizwa kwenye divai mwaka 2006, lakini divai iliyopata ladha kwa njia hiyo hairuhusiwi kujitangaza kwamba imekaa kwenye pipa.

Wazalishaji wengine hawaandiki kitu ila herufi moja baada ya jina la zabibu, R au S, kuonyesha divai yao ya daraja la juu. Mara nyingi hiyo ndiyo iliyopitia mbao. Mara nyingi, si kila mara.

Sasa geuza chupa. Utaona kwa maandishi madogo *A.P.Nr.* ikifuatiwa na mfuatano wa tarakimu. Hiyo ni namba ya upimaji wa kiserikali. Kila divai ya daraja la Qualitätswein au Prädikatswein lazima ipimwe na kuonjwa kabla haijauzwa kwa jina hilo. Wewe angalia tarakimu mbili za mwisho tu, maana ndizo mwaka wa upimaji. Tuseme lebo ya mbele imeandikwa 2020 na namba inaishia 21: zabibu zilivunwa Septemba au Oktoba, divai ikapimwa mwaka uliofuata, hakuna jipya hapo. Ikiishia 22 au 23, divai hiyo haikuharakishwa. Kwa divai nyeupe kavu hiyo ni dalili nzuri kwamba ilipewa muda juu ya mashapo yake, na mara nyingi muda huo huwa wa pipa. Ni dalili tu, kwani yapo matangi ya chuma yanayosubiri vilevile, lakini ni dalili ambayo unaweza kuipata ukiwa umesimama dukani bila kumuuliza mtu. Chupa za daraja la Landwein hazina namba hii, kwa hiyo ukiikosa usishtuke.

Kuna maneno ya lebo ambayo hayahusiani na pipa, na ni vizuri uyaondoe akilini. Kabinett, Spätlese na Auslese ni madaraja ya ukomavu wa zabibu siku ya kuvunwa, kwa mujibu wa sheria ya divai ya 1971. Tai aliyechorwa na kishada cha zabibu kwenye shingo ya chupa ni alama ya VDP, chama cha wazalishaji kilichoanzishwa mwaka 1910. Herufi GG, kifupi cha Grosses Gewächs, zinamaanisha divai kavu kutoka mashamba ya daraja la juu kabisa la chama hicho. Divai nyingi za GG zimepitia mapipa makubwa, lakini lebo haikuahidi hilo.

Neno moja usiliache: *trocken*, kavu. Divai ya trocken haizidi gramu 9 za sukari kwa lita. Kwa kujifunza, nunua trocken tu. Sukari nayo huifanya divai iwe na unene na ulaini, na ukiwa bado mgeni hutajua kama ulaini unaouhisi umetoka kwenye pipa au kwenye sukari. Kama neno hilo halipo, angalia kilevi: asilimia 8 au 9 kwenye Riesling ya Mosel ni ishara kwamba sukari nyingi ilibaki. Divai kavu ya pipa huwa asilimia 12 hadi 13.5 hivi.

Ukiwa kwa mkulima mwenyewe mambo ni rahisi zaidi. Muulize: *Stahl oder Holz?* Chuma au mbao? Akijibu *großes Holz* anakuambia pipa kubwa. *Gebrauchtes Holz* ni mbao zilizokwisha kutumika, *neues Holz* ni mpya. Kwa swali hilo moja atakuchukulia kama mtu anayejua anachouliza, na wengi wao hukushusha ghalani wakuonyeshe.

3. Nunua chupa mbili

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Chupa moja haifundishi. Nunua mbili za mkulima yuleyule, zabibu ileile, na ikiwezekana mwaka uleule: moja ya bei ya chini, ambayo karibu kila mara ni ya chuma, na moja ya pipa. Kila utakachokiona kwenye ya pili na kukikosa kwenye ya kwanza kina uwezekano mkubwa wa kuwa kazi ya chombo na muda, ingawa shamba nalo lina mchango wake.

Anza na Weissburgunder ya Pfalz au Baden. Tunda lake ni la upole, tufaha na pea, halipigi kelele, kwa hiyo mguso wa mbao huonekana haraka. Baada ya hapo nenda kwa zabibu ya Silvaner ya mkoa wa Franken, ambayo divai yake huuzwa kwenye chupa bapa iitwayo Bocksbeutel. Silvaner kwenye pipa kubwa ni kati ya divai nyeupe zenye heshima kubwa na sifa ndogo duniani, na inasikitisha kuona watu wanaipita rafuni kwa sababu tu ya umbo la chupa. Riesling iache ya tatu. Ni maarufu zaidi, lakini asidi yake hushika umakini wako wote na mgeni hushindwa kuona kilicho nyuma yake.

4. Joto na glasi

Divai ya chuma inapendeza ikiwa baridi, nyuzi 8 hadi 10. Ya pipa inataka 10 hadi 13. Ikitoka moja kwa moja kwenye friji itakuwa imefunga: harufu haitoki, na kama kuna ukakasi wa mbao utauhisi peke yake. Itoe friji dakika 20 kabla, au chini ya hapo kama nyumba yako ina joto la Mombasa. Tumia glasi yenye tumbo pana, ujaze theluthi moja. Glasi zote mbili ziwe sawa, la sivyo ulinganisho umeharibika.

5. Tazama rangi, lakini usiiamini sana

Weka karatasi nyeupe mezani, inamisha glasi juu yake. Divai ya chuma, ikiwa changa, huwa njano ya kufifia yenye kijani kidogo. Ya pipa huelekea dhahabu, kwa kuwa imekutana na hewa. Umri nao hufanya vilevile, kwa hiyo linganisha divai za mwaka mmoja.

Grauburgunder ina mtego wake. Ganda la zabibu hiyo lina wekundu wa kijivu, na ikikaa na maganda kwa saa chache divai hupata rangi ya shaba hafifu. Pipa halihusiki hapo. Zamani divai tamu na nzito ya zabibu hii iliuzwa kwa jina la Ruländer, kutokana na mfanyabiashara wa Speyer, Johann Seger Ruland, aliyeieneza mwanzoni mwa karne ya 18. Ukikuta jina hilo kwenye chupa leo, tarajia divai nene, mara nyingi yenye sukari.

6. Nusa mara mbili

Mara ya kwanza nusa bila kutikisa glasi. Mara ya pili izungushe, subiri kidogo, nusa tena. Andika unachokipata kabla hujaonja, maana ulimi ukishasema pua husahau.

Harufu za mbao mpya zina sababu zake, na kwa msomaji wa pwani mojawapo iko jikoni. Dutu inayoipa karafuu harufu yake, yujenoli, imo pia kwenye mbao za mwaloni. Vanila ni hivyohivyo: vanilini ya ganda la vanila na ile ya mbao ni kitu kimoja. Harufu ya nazi hutoka kwenye laktoni za mwaloni, nyingi zaidi kwenye mwaloni wa Marekani. Moshi, kahawa na mkate uliochomwa hutokana na moto wa fundi. Fanya hivi: weka karafuu mbili kwenye kikombe kikavu karibu na glasi. Nusa karafuu, nusa divai, rudia. Kama ipo ndani, baada ya raundi mbili tatu itajitokeza wazi, na kuanzia siku hiyo hutahitaji kikombe.

Kuna harufu tatu ambazo pipa husingiziwa kila siku.

Ya kwanza ni petroli kwenye Riesling. Inatoka kwenye zabibu yenyewe. Hukua divai ikizeeka chupani, hasa kama zabibu zilipigwa na jua kali. Riesling ya chuma inaipata pia.

Ya pili ni siagi. Hiyo ni kazi ya bakteria wanaogeuza asidi ya tufaha kuwa asidi ya maziwa, laini kuliko ile ya kwanza. Kwa Weissburgunder na Chardonnay ya pipa mkulima huwaachia bakteria wafanye kazi, kwa Riesling wengi huwazuia. Siagi na pipa huonekana pamoja mara nyingi ndiyo maana watu hudhani ni kitu kimoja, lakini jambo hilo linaweza kutokea ndani ya chuma vilevile.

Ya tatu ni njiti ya kiberiti iliyowashwa sasa hivi. Hiyo huletwa na chachu ikifanya kazi kwenye hewa haba, na wakulima kadhaa wa Burgunder huitafuta kwa makusudi. Ikiwa kidogo inachangamsha. Ikizidi, zungusha glasi kwa muda na nyingi yake itapaa.

Sasa vipi kuhusu ile ya pipa kubwa la zamani? Hapa pua itakupa kidogo, na usilazimishe. Linganisha na glasi ya chuma. Ile ya chuma inanukia tunda bichi lililokatwa sasa hivi: limau, tufaha la kijani, pichi. Ya Stückfass tunda limerudi nyuma hatua moja. Badala yake kuna ganda la mkate, nta ya nyuki, majani makavu, lozi. Hakuna vanila. Ukiandika kwenye daftari lako kwamba haina harufu ya mbao, umeandika kweli, na bado ni divai ya pipa.

7. Onja, na usiwe na haraka

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Chukua funda la kutosha kulowesha ulimi wote. Lishike kinywani, vuta hewa kidogo kupitia meno, lizungushe hadi kwenye ufizi, kisha meza au tema. Kama una chupa zaidi ya mbili, tema. Ukishalewa huonji tena.

Fuatilia mambo kwa mpangilio yanavyofika. Divai ya chuma hufika yote kwa pamoja: tunda na asidi vinagonga ncha na kingo za ulimi, mate yanajaa, kisha inaondoka ikiacha usafi. Divai ya pipa kubwa huingia polepole. Mwanzoni unaweza kudhani ni hafifu. Halafu katikati ya ulimi, mahali ambapo ile nyingine ilikuwa imepita mbio, kunajaa. Asidi ipo, mate yanakuthibitishia, lakini haikukati. Inaisukuma divai mbele. Unene huo wa katikati ndio alama ya mashapo na hewa, ndio saini ya pipa kuukuu. Ukimeza, hesabu kimoyomoyo mpaka ladha iishe. Fanya hivyo kwa glasi zote mbili. Nzuri ya pipa huendelea muda mrefu, mara nyingi ikiwa na uchumvi mdogo mwishoni unaokufanya utake funda jingine.

Kwa Riesling ya Fuder kutoka Mosel unene huo ni mwembamba zaidi. Tafuta utulivu badala ya uzito. Kwa Silvaner ya Franken utaupata kwa wingi, pamoja na ladha ya majani na udongo ambayo ni ya zabibu yenyewe.

Kwa pipa dogo jipya kuna kipimo cha ziada. Baada ya kumeza, pitisha ulimi kwenye ufizi wa juu. Ukihisi ukavu unaokwaruza, huo ni ukakasi wa mbao. Asidi huleta mate, ukakasi huyakausha. Vyote viwili vinaweza kuwepo kwa wakati mmoja, na kuvitenganisha ni ujuzi utakaokufaa kwa kila divai utakayokunywa. Ukakasi kidogo huipa Grauburgunder uti wa mgongo ambao vinginevyo haina, maana asidi yake ni ya chini. Ukizidi, tunda hufunikwa na kinachobaki ni utamu wa vanila mwanzoni na uchungu wa mbao mwishoni, katikati patupu. Divai hiyo imetengenezwa vibaya hata kama bei yake inatisha. Pipa jipya hugharimu mamia ya euro na hutumika likiwa jipya mara moja tu, kwa hiyo wapo wanaotaka mnunuzi ailambe gharama hiyo ulimini. Mimi nampa alama mkulima ambaye nikimaliza glasi yake nakumbuka zabibu.

Kasoro mbili usizichanganye na pipa. Harufu ya boksi lililolowa maji ni ugonjwa wa kizibo, rudisha chupa. Tufaha lililopondeka likageuka kahawia, pamoja na rangi ya chai kwenye divai ambayo bado changa, maana yake hewa iliingia kupita kiasi.

8. Bakiza nusu

Usimalize chupa siku hiyo. Ziba zote mbili, zirudishe kwenye friji, na kesho yake rudia hatua ya sita na ya saba. Ile ya chuma mara nyingi itakuwa imepoteza ukali wa tunda lake. Ya pipa ilishazoeana na hewa tangu ghalani, na si ajabu ukaikuta imefunguka zaidi: vanila imejificha ndani ya tunda, katikati pamejaa kuliko jana. GG changa inanufaika sana na usiku huo mmoja. Divai hizi huingia sokoni kuanzia tarehe 1 Septemba ya mwaka unaofuata mavuno, na nyingi hunywewa wiki hizohizo za kwanza, wakati zilihitaji miaka mitano ili ziseme zilichonacho. Kama huwezi kusubiri, imimine kwenye jagi safi saa moja kabla ya kunywa.

9. Ipe chakula kinachoistahili

Nchini kwake, Silvaner ya pipa huandamana na asparaga nyeupe yenye siagi, ambayo msimu wake huisha tarehe 24 Juni, au na samaki aliyekaushwa kwa moshi. Burgunder ya Barrique inataka mafuta na krimu: kuku wa kuokwa, uyoga, nyama ya ndama.

Kwa mpishi wa Kiswahili kanuni ni hiyohiyo. Tui zito la samaki wa kupaka au la kuku wa nazi linapatana vizuri na Grauburgunder iliyokaa kwenye Barrique, kwa kuwa unene unakutana na unene, na harufu ya nazi ya mbao si ngeni kwenye sahani hiyo. Angalia pilipili tu. Pilipili kali huongeza mwako wa kilevi na kuutoa nje uchungu wa mbao. Kama umeitia nyingi, achana na pipa, fungua Kabinett ya Mosel iliyobakiwa na sukari na yenye kilevi kidogo.

10. Ukiihifadhi

Chupa yenye kizibo cha gome ilazwe, mahali pa giza, nyuzi 10 hadi 14, pasipotikisika. Weissburgunder na Grauburgunder ya kawaida inywe ndani ya miaka mitatu minne. Chardonnay nzuri ya Barrique na Silvaner ya pipa kubwa huvumilia zaidi, na Riesling ya GG inaweza kupita miaka kumi bila shida. Hesabu hizo ni za ghala la baridi. Nyumba yenye nyuzi 30 mchana kutwa itaipika divai kwa miezi, kwa hiyo ukiwa Dar es Salaam au mjini Muscat, Oman, iweke kwenye friji, droo ya mboga, na uipangie tarehe ya kuifungua.